Hati Ndani ya Unga

Hati ya nyumba yetu ya Udon, Thailand, ilikaa siku kumi na tisa ndani ya ndoo ya unga wa ugali, jikoni mwetu hapa Inver Grove Heights, Minnesota, na aliyeiweka humo ni mimi. Nasema mapema usije ukadhani huko mbele nitamsingizia mtu mwingine. Yupo wa kusingiziwa, na nitamtaja, lakini mikono iliyoingia kabatini ni hii yangu. Ni mikono ya nesi aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na sita, ambaye kazini anaachiwa funguo za dawa bila mtu kumwuliza mara mbili.

Mke wangu ni Mthai. Jina lake Rattana, ingawa kanisani kwetu Brooklyn Center wanamwita Tana, maana mto wa jina hilo kwetu Kenya wanaujua na jina zima linawashinda. Anapika katika mgahawa wa Kithai pale Frogtown, kwenye University Avenue, na akirudi nyumbani jioni nywele zake hunukia kitunguu saumu na mchaichai. Ni mtu wa maneno machache. Tunaongea Kiingereza, chake cha jikoni na changu cha hospitali, na tunaelewana vizuri kuliko jozi nyingi ninazozijua zilizozaliwa kijiji kimoja. Yeye huniita Pi Jo. Pi ni neno lao la heshima kwa mtu aliyekuzidi umri, na mke akimwita mumewe hivyo huwa ndani yake kuna mapenzi. Miaka tisa ya ndoa sikuwahi kumsikia akiniita Jotham.

Kwao mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi. Uwe umeoa, uwe hujaoa, sheria imekataa. Kwa hiyo tulipopata kiwanja kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Udon, hati ilitoka kwa jina lake peke yake. Mimi nilikalishwa mbele ya afisa wa ardhi nikatia saini karatasi inayosema kwamba pesa iliyonunua kiwanja ni ya mke wangu, na kwamba mimi sina dai lolote. Ilikuwa pesa yetu wote wawili, zamu zangu za wikendi na mikono yake iliyoungua mafuta. Nilisaini huku natabasamu, shati limenigandia mgongoni. Kaka yake, Prasert, alinipigapiga begani akasema jambo kwa Kithai, watu wakacheka. Rattana hakucheka, na alikataa kunitafsiria.

Baadaye tulijenga. Nyumba ya kawaida tu, vyumba vitatu na baraza pana, mahali pa kuzeekea wawili ambao magoti yao hayataki tena theluji. Hati tulirudi nayo Minnesota. Rattana aliitia katika bahasha ya kaki, akaiweka kabatini mwake chini ya picha ya marehemu baba yake. Mbele ya picha hiyo huweka glasi ya maji, na kila asubuhi huyabadilisha kabla hajanywa chai. Mimi ni Mkristo na sikuwa na neno juu ya hayo. Baba mkwe ni baba mkwe.

Miaka minne hati ilikaa hapo na mimi nililala usingizi wangu. Halafu nikaenda kumweleza Lenny.

Lenny ni Mkisii mwenzangu, tena wa Nyamira kama mimi. Jumapili moja ya Oktoba, ibada imekwisha, tumeshuka chini kwenye chai, alikuwa analalamika juu ya kaka yake aliyemjengea duka Keroka. Miaka yote alituma pesa, na alipokwenda kuliona akakuta duka lina jina la shemeji yake. Nami, kumfariji, nikasema hata mimi nimejenga mahali ambapo jina langu halipo. Nilidhani tutacheka.

"Ati nini?" akasema Lenny, akaweka kikombe chini. "Wewe ume-build nyumba mzima na title iko na jina ya bibi?"

"Ndiyo sheria yao. Foreigner hawezi ku-own."

"Na uka-sign paper ati hiyo pesa si yako?"

"Nili-sign."

"Jotham! Wewe ni mtu umesoma!" Akatazama huku na huku, akavuta kiti karibu. "Sasa hiyo title yenyewe, ile original, nani anashika?"

"Iko kwa nyumba. Kwa kabati yake."

"Kabati yake." Alilirudia polepole, akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, siku huyo mama ata-wake up vibaya, atapanda ndege na hiyo paper na wewe utabaki hapa unapima watu pressure. Angalau shika title. Mwenye ako na title ndiye ako na shamba. Wewe si mtoto wa Nyamira?"

Mimi ni mtoto wa Nyamira, na hapo ndipo aliponipata. Kwetu ardhi ni kidogo na watu ni wengi, na mtoto hujua hati ni nini kabla hajajua kusoma. Baba yangu alipokufa nilikuwa na miaka minane. Matanga hayajaisha, baba zangu wadogo wawili waliingia nyumbani wakaanza kupekua: sanduku, godoro, mpaka ndani ya redio. Mama aliwatengea uji, akakaa kimya. Hati alikuwa ameifunga kwenye karatasi ya nailoni akaizika ndani ya mtungi wa unga wa wimbi, na uji waliokunywa ulitoka mtungi huohuo. Shamba lile lilitusomesha sote watano. Ukitaka kujua ninavyofikiri juu ya ardhi, nimefundishwa na mtungi ule.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani Jumapili ile nikiwa na ugonjwa. Nilianza kumtazama mke wangu. Alipoongea na Prasert kwenye simu nilisimama kando nikihesabu ni mara ngapi atataja jina langu. Akicheka, nilitaka kujua anacheka nini. Alikuwa na safari ya wiki sita kwenda kumtazama mama yake mapema Novemba, safari tuliyoipanga pamoja tangu kiangazi, na ghafla nikaiona safari ile ina kitu nyuma yake.

Hapo ndipo alipoleta fomu. Ilikuwa kurasa mbili za Kithai tupu, na mahali pa saini pameshawekwa alama ya kalamu.

"Pi Jo, hii utie saini benki, mbele ya yule mtu wa muhuri," akasema. "Halafu naipeleka kwa ubalozi."

"Ni ya nini?"

"Ya nyumba. Ni nzuri kwako. Ikikubaliwa nitakueleza."

Mume mwenye akili angeuliza swali la pili. Mimi niliona haya kuonekana namshuku, na huku namshuku tayari. Nikaenda benki, nikatia saini, nikamrudishia na kumshukuru. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba ile karatasi ya kwanza ilinivua shati na hii ya pili imekuja kuchukua suruali.

Siku tatu baadaye, Rattana akiwa kazini Frogtown, niliingia chumbani. Kwanza kabisa niligeuza picha ya baba yake iangalie ukuta. Sikusukumwa na mtu kufanya hivyo. Nilijua ninachofanya, na sikutaka mzee anione. Nikavuta bahasha, nikatoa hati. Ni karatasi nene, juu yake pana muhuri mwekundu wa ndege mwenye mwili wa mtu, amekunjua mabawa. Ili bahasha isiwe nyepesi nilitafuta karatasi nyingine nene. Ukutani jikoni ilining'inia kalenda ya kanisa letu. Mwezi wa Agosti ulikuwa umepita na hauna wa kuuhitaji, nikauchana, nikaukunja vilevile, nikautia. Hati nikaifunga ndani ya mfuko wa plastiki wa zipu na kuizika kwenye ndoo ya unga. Ugali wa nyumba hii napika mimi, na ndoo ile Rattana huwa haigusi. Anasema unga ule ni wa mama yangu.

Picha niliigeuza ikatazama mbele. Nikanawa mikono, nikaenda zamu ya jioni, na nasema kweli, nilijisikia mwanamume.

Siku ya tisa nilimpeleka uwanja wa ndege. Bahasha ya kaki niliiona ndani ya mkoba wake, imesimama kati ya pasipoti na dawa za mama yake za magoti, nami sikusema neno. Kama alikuwa ananiibia, niliwaza, basi amebeba Agosti.

"Maji ya baba, Pi Jo," aliniambia mlangoni. "Usisahau. Kila asubuhi."

"Sitasahau."

Alinishika shavu kwa kiganja, kitu asichokifanya mbele za watu, akaingia.

Simu ilikuja siku nane baadaye, Jumatatu, saa mbili na nusu usiku kwangu, Jumanne asubuhi kwake. Alipiga ya video. Alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji nje ya ofisi ya ardhi, amevaa blauzi ya hariri ambayo huivaa harusini. Nyuma yake Prasert alikuwa anatembea huku na huko akifoka. Macho ya mke wangu yalikuwa mekundu.

"Pi Jo," akasema, "hati haimo."

"Haimo wapi?"

"Kwenye bahasha. Nimefungua mbele ya afisa, haimo. Nimeipoteza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hii. Katika mawazo yangu angekuwa ameenda kuuza, angekwama, na mimi ningekaa hapa kimya nimeshinda. Nikauliza kwa sauti ya mtu asiye na habari, "Ulikuwa unaihitaji ya nini hapo?"

"Nilikuja kuandikisha jina lako."

Aliendelea kwa Kiingereza chake cha vipande, na kila kipande kilinifikia wazi. Mgeni hawezi kumiliki ardhi, lakini ofisi inaweza kuandika nyuma ya hati kwamba mtu fulani ana haki ya kuishi hapo na kuitumia nyumba ile mpaka atakapokufa. Ikishaandikwa haki hiyo, nyumba haiuzwi chini ya miguu yake, na hakuna wa kumtoa, hata mwenye hati akifa. Mwaka jana afisa mmoja alikuwa amemkatalia, akasema mambo ya mke na mume yana utata. Huyu wa sasa amekubali. Fomu niliyotia saini benki ndiyo iliyompa yeye ruhusa ya kuniwakilisha mimi nisiyekuwapo. Hakunieleza mapema kwa kuwa hakutaka kuniahidi kitu halafu kikataliwe tena.

"Mume wa Auntie Malai," akasema. "Yule mzee Mmarekani, unamkumbuka? Auntie amekufa, wiki mbili tu, ndugu zake wamemtoa nyumbani. Mzee na mifuko yake barabarani. Mimi nikifa kwanza, Prasert atakufanyia hivyo. Namjua. Ndiyo maana leo anafoka, hakutaka nije." Akafuta pua kwa mkono wa blauzi ya harusi. "Na mimi nimepoteza hati. Nisamehe, Pi Jo. Nimepoteza nyumba yako."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Kama ningesema hapo, leo ningekuwa naona aibu ya kawaida, aibu ambayo mtu huizoea akaendelea kula. Jikoni palikuwa hatua sita kutoka kiti nilichokalia na ndoo naiona. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Usilie. Mambo hutokea. Nimekusamehe."

Aliacha kufuta pua. Alinitazama kwenye kile kioo kidogo kwa muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umeganda.

"Umenisamehe?"

"Kabisa," nikasema. "Usijali hata kidogo."

"Asante, Pi Jo," akasema, na simu ikakatika.

Nilimsamehe mke wangu kwa wizi wangu. Nimeiandika sentensi hii mara tatu nikiifuta, lakini hakuna namna nyingine ya kuisema. Usiku ule nilipika ugali nikashindwa kuula.

Jumanne sikwenda kazini. Niliwaambia naumwa tumbo, na haukuwa uongo sana. Niliitoa hati kwenye unga, nikaipangusa, nikaanza kutafuta njia ya kuokoa uso. Nilipata moja nzuri: ningesema nimeikuta nyuma ya kabati, imeanguka wakati anapakia. Nilijizoeza mbele ya kioo cha bafuni. "Mungu ni mwema, nimeipata!" Nilitafuta na furaha ya kutia ndani. Halafu, ili nisiwe nimesema uongo mtupu, niliisukuma hati nyuma ya kabati kweli, nikatoka chumbani, nikarudi, nikainama kuitafuta. Mtu wa miaka hamsini na mbili, kitako juu, anatafuta kitu alichokiweka mwenyewe dakika moja iliyopita. Nilipoinua kichwa nilikutana ana kwa ana na picha ya baba mkwe, na glasi ya maji ambayo asubuhi ile nilikuwa nimesahau kuyabadilisha.

Nilikaa pale sakafuni. Maisha yangu yote nimesimulia kisa cha mama yangu na mtungi wa wimbi, kwenye harusi, kwenye mazishi, kazini kwa Wamarekani, na kila mara mimi niko upande wa Mama. Lakini Mama alificha kilicho chake kwa watu waliokuja kupekua. Katika nyumba hii mpekuzi alikuwa nani? Aliyesubiri mwenye nyumba atoke, akaingia chumbani, akavuta kabati? Mimi ni baba yangu mdogo. Uji tu ndio nilikuwa sijatengewa, na hata huo nilikuwa nao, ugali wa ndoo ileile.

Nikakumbuka na ploti ya Keroka. Tuliinunua mwaka wa tatu wa ndoa, na sehemu ya pesa ilikuwa ya Rattana. Iko kwa jina langu peke yangu. Hakuwahi kuniuliza hati yake iko wapi.

Hata hivyo sikumpigia. Nakuambia hili ili usinipe sifa nisiyostahili. Nilirudisha hati kwenye unga, nikabadilisha maji, nikalala.

Jumatano jioni alipiga yeye. Kwake ilikuwa Alhamisi asubuhi, na safari hii alikuwa kituo cha polisi. Hati ikipotea lazima kwanza uandikishe taarifa kwa polisi, uape kwamba umeipoteza, ndipo ofisi ya ardhi itangaze siku thelathini na kutoa nyingine. Nyuma yake niliona dawati, afisa mwenye daftari, na Prasert amekunja mikono.

"Pi Jo," alisema kwa utulivu, "afisa ameuliza kama nyumbani kuna mtu anaweza kuwa ameichukua. Nimjibu nini?"

Ile "Mungu ni mwema, nimeipata" ilikuwa kwenye ulimi, imeiva. Nilimtazama. Alikuwa amevaa tena ile blauzi ya hariri, ameifua, mkono mmoja bado una kunyanzi.

"Mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Mimi niliichukua. Kabla hujasafiri. Niliogopa. Nilidhani unakwenda kuiuza nyumba." Sauti ilinitoka nyembamba, sikuijua kuwa ni yangu. "Nisamehe."

Hakupiga kelele. Hakushtuka hata. Aliuliza tu, "Iko salama?"

"Iko salama. Iko kwenye unga."

"Unga upi?"

"Wa ugali."

Alifumba macho, akayafumbua. "Nilijua ni wewe," akasema. "Siku ya kwanza nilijua. Nilifungua bahasha mbele ya afisa, mbele ya kaka yangu, nikatoa Agosti. Prasert akauliza, hii nini? Nikasema, hii ni kalenda ya kanisa la mume wangu."

Nilikuwa nimeisahau ile kalenda. Siku mbili nzima nilikuwa natunga uongo, na hapakuwa na wa kudanganywa. Jina la kanisa letu limeandikwa pale juu kwa herufi kubwa, na simu ya mchungaji chini.

"Sasa kwa nini uliniambia umeipoteza?"

"Nilitaka kusikia utasema nini." "Ukasema umenisamehe."

Nilitaka simu ikatike yenyewe. Nyuma yake yule afisa aliuliza kitu, na Rattana akageuka akawaambia jambo kwa Kithai, refu kidogo, akijigonga paji la uso kwa vidole. Afisa alicheka akafunga daftari. Prasert naye alicheka, kisha akatema maneno ambayo hata asiyejua lugha angejua ni ya kudharau.

"Umewaambia nini?" nikauliza.

"Nimewaambia nimeisahau Amerika. Nimewaambia mume wangu ameipata kabatini, mimi ni mjinga, nimezeeka, nimebeba karatasi isiyo yenyewe." Alisema bila hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Kaka yangu atanicheka mpaka nife. Lakini sikutaka wajue nimeolewa na nani, Jotham."

Nililisikia jina langu. Nadhani yeye pia alilisikia. Halafu akasema atanitumia anwani, niitume hati kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi, na akakata.

Niliituma kesho yake asubuhi. Msichana wa kaunta aliuliza ndani ya bahasha kuna nini, nikaandika "karatasi". Kwenye mkunjo wa hati palikuwa pamebaki unga kidogo ambao sikuweza kuutoa. Nikiwa bado kwenye maegesho Lenny akapiga.

"Sema, ndugu. Ile title ulishika?"

"Nimeirudisha."

"Umerudisha! Jotham, wewe uta-regret—"

Nilikata. Tangu hapo kanisani nakaa upande wa pili. Si kwamba namlaumu, ingawa nilimlaumu kwa wiki nzima kwa sababu ilikuwa nafuu. Ni kwamba nikimwona namwona aliyeniuliza maswali machache tu, na yote yaliyofuata nikayafanya mimi.

Jumamosi iliyofuata nilimpigia mdogo wangu aliyeko Keroka nikamwambia aulizie namna ya kuingiza jina la Rattana kwenye ile ploti. Alicheka sana.

"Tana? Si huyo ni mgeni? Mgeni haandikwi tu hivyo, bro. Hapa kuna sheria."

Nikamwambia najua, atafute wakili. Alidhani nimerogwa.

Bahasha ya kaki ilirudi kwangu katikati ya Desemba, imegongwa mihuri ya posta ya Udon. Ndani mlikuwa na hati yenyewe, si nakala. Nyuma yake palikuwa na mstari mpya wa Kithai, tarehe, muhuri na saini ya afisa. Sisomi Kithai, lakini Rattana alikuwa amebandika kikaratasi chenye mshale na maneno ya Kiingereza: hapa ni jina lako. Chini yake alikuwa ameandika: sasa ishike wewe. Na nyuma ya hati, umekunjwa nilivyoukunja mimi, ulikuwapo ukurasa wa Agosti.

Basi nimelindwa. Nina haki ya kuishi katika nyumba ile, baraza lake na vyumba vyake vitatu, mpaka siku ya kufa kwangu, na Prasert hawezi kunitoa. Hati ninayo mkononi kama Lenny alivyotaka. Wiki zake sita zimekwisha na ndege yake imekuja bila yeye. Mama hajapona, anasema. Tunaongea kila Jumapili, ananiuliza habari za magoti yangu, ananieleza paa limevuja wapi na nani amelitengeneza. Nikimwuliza atarudi lini anasema, "Tutaona, Jotham."

Hati nimeirudisha kabatini mwake, mahali pake. Kila asubuhi kabla ya chai namwaga maji ya jana, nasuuza glasi, natia mapya, naiweka mbele ya picha ya mzee. Siigeuzi tena picha. Naweka glasi nikiwa nimeinamisha macho, natoka.